Kitanda cha Mzee Muharami

Waliokuja kukiomba hawakukitaja. Walibisha hodi, wakamsalimia baba, Mzee Muharami, wakakaa kidogo barazani, kisha mmoja akasema, "Mzee, tuna shughuli." Baba hakuuliza shughuli gani. Alinyanyuka, akachukua ufunguo wa stoo uliotundikwa nyuma ya mlango wa chumba chake, na wale wanaume wakakitoa kitanda kwa ubavu kwa sababu mlango wa stoo yetu ni mwembamba. Hapo ndipo baba alipouliza, "Nani?" Wakamtajia jina. Akasema, "Inna lillahi," akarudi ndani kutafuta kofia yake.

Kilikuwa kitanda cha kamba, cha mti wa mkongo, ambacho baba alikirithi kwa babu. Matendegu yake, ile miguu minne, yalikerezwa na kupakwa mistari myekundu na myeusi, na rangi hiyo ilikuwa imefifia pale mikono ya watu ilipozoea kushika. Sikumbuki mtu aliyewahi kukilalia akiwa hai. Kazi yake ilikuwa kuoshewa maiti wa mtaa wetu, hapa Dunda. Waoshaji walizitanua kamba za katikati ili maji yapite na kuingia kwenye ufuo, lile shimo linalochimbwa chini yake. Baada ya maziko wafiwa walikisugua, wakakianika, na kabla ya kukirudisha walikiwamba upya kwa kamba za usumba wa nazi. Hakuna aliyewahi kukirudisha kikiwa na kamba legevu. Tulipokuwa wadogo, mimi na mdogo wangu Haidar tuliweza kujua mtaa umekaa salama muda gani kwa kutazama vumbi lililokuwa juu yake.

Baba alipofariki mwaka jana hakuoshewa juu ya kitanda hicho. Msikiti ulikuwa umejengewa chumba cha kuoshea maiti, chenye meza ya zege iliyowekwa vigae na bomba la maji, na wazee walisema huko ni rahisi zaidi. Haidar aliingia na wajomba kumwosha. Alipotoka alikaa peke yake karibu na birika la kutawadhia, na nilipompelekea maji ya kunywa aliniambia, "Dada, hata mwenyewe hakukihitaji." Sikuelewa anasema nini mpaka baadaye.

Mama, Bi Mwanahija, alikaa eda ndani ya nyumba ile ile, na aliyekaa naye eda nzima ni jirani yetu, Bi Ashatu. Alikuja asubuhi na uji, akaondoka magharibi. Walikuwa hawazungumzi sana. Mmoja alichambua mchele, mwingine alishona kofia, na mara moja moja ukisikia kicheko ujue Bi Ashatu amemkumbusha mama ujinga fulani wa usichana wao. Mimi, baada ya ndoa yangu kwisha, nilikuwa nimerudi nyumbani na nilikuwa nauza juisi ya ukwaju na ubuyu, kwa hiyo mchana sikuwapo. Nilimwacha mama mikononi mwa Bi Ashatu na sikuwaza mara mbili.

Haidar ni seremala. Zamani alitengeneza milango na makabati, lakini siku hizi watu wananunua makochi na vitanda vilivyo tayari, vimepangwa kando ya barabara kuu kuanzia Kerege, na kwake wanaleta meza iliyovunjika mguu. Mkewe, Adila, alikwenda kwao Miono na mtoto. Hakuondoka kwa ugomvi. Alisema atarudi Haidar atakapopata kazi inayoeleweka, na Haidar alimpakia mizigo mwenyewe.

Tangazo la warsha alilipata kwenye simu. Wabunifu kutoka Dar es Salaam walikuwa wanatafuta mafundi wa kukaa nao wiki nzima kwenye ghala moja la zamani hapa mjini, wakigeuza kitanda cha kamba kuwa samani ya leo. Kila mshiriki aje na kitanda chake. Siku ya mwisho wangealikwa watu wa hoteli, na kitakachopendwa kingeagizwa.

"Dada," Haidar akaniambia, "kile cha stoo."

"Kile?"

"Kile."

"Haidar, kile ni cha watu."

"Watu gani? Tangu msikiti upate ile meza, nani amekuja hapa kusema ana shughuli? Nitajie mmoja."

Nilijaribu kukumbuka, sikumpata.

"Na mama je?"

"Mama yuko Miono kumtazama mjukuu. Akirudi atakuta nimepata kazi, mjukuu mwenyewe anarudishwa hapa. Unadhani atalilia mbao?" Akanitazama, akaona bado nimesimama. "Baba mwenyewe kalazwa kwenye vigae, dada. Kitanda kimestaafu. Tukipe kiinua mgongo."

Nilicheka. Nalikumbuka hilo kuliko mengine yote ya siku ile, kwamba nilicheka. Isitoshe nilikuwa natafuta mahali pa kuweka friza ya juisi, maana barazani jua lilikuwa linaipiga. Nikaingia chumbani kwa marehemu, nikatoa ufunguo nyuma ya mlango. Tulikitoa kwa ubavu, mimi mbele, yeye nyuma, na hakuna aliyeuliza, "Nani?" Siku iliyofuata friza ilikuwa imeshaingia.

Warsha iliongozwa na dada mmoja wa Dar, Nasrin, mwembamba, mwenye penseli iliyochomekwa kwenye kilemba. Sina neno baya la kumsema. Aliwaita mafundi wote "mwalimu", hata wale waliokuwa wadogo kuliko yeye, na alipokosea alijisuta mbele yao. Nilikuwa namletea Haidar chakula cha mchana, basi nikaona mengi.

Siku ya kwanza hakuruhusu mtu ashike msumeno. "Kitanda hiki mmekiona tangu mnazaliwa," alisema, "ndiyo maana hamkioni. Kilalieni kwanza. Mkijue kwa mgongo."

Mafundi wakajitupa vitandani wakicheka kama watoto. Haidar alikaa ukingoni.

"Fundi, mbona hulali?" Najma akamuuliza. Huyu alikuwa binti wa Kerege, fundi wa kushona makochi, mdomo wake haukupumzika. "Kina kunguni?"

"Kina wenyewe," Haidar akajibu.

Wakacheka zaidi. Nasrin akaja na daftari lake la kuchorea. "Hiki kizuri sana. Kina historia gani, mwalimu?"

Haidar alinitazama. Nilikuwa nimeshika bakuli la mchuzi. "Kilikuwa cha marehemu baba," akasema.

"Alikilalia?"

"Alikitunza."

Nasrin akaandika. Wakaendelea.

Siku waliyoruhusiwa kukata, nilifika msumeno ukiwa umeshaingia kwenye kitakizo, ule mti mfupi wa kichwani. Mkongo ni mgumu, unalia ukikatwa. Nilifunika bakuli kwa mkono vumbi lisiingie, nikajifanya nashughulika nalo mpaka sauti ilipokoma. Haidar alikipasua kitanda kwa urefu. Nusu moja akaifanya kikalio, nusu ya pili akaisimamisha iwe mgongo wa kuegemea. Matendegu mawili akayafupisha ili anayekaa aegemee nyuma kidogo. Kamba za usumba aliziondoa zote, akasuka nailoni ya buluu na nyeupe, mistari ikipishana kwa namna ambayo ukisogea inaonekana kama inatembea. Sitasema uongo, lilikuwa benchi zuri. Mdogo wangu nilikuwa sijamwona akipiga mluzi tangu Adila aondoke, na siku ile alipiga mluzi.

Najma alilizunguka, akapiga makofi. "Fundi, umeua! Mimi bembea yangu naona aibu kuitundika."

Mama alirudi kutoka Miono kabla ya siku ya maonyesho, na mahindi mabichi kwenye kiroba. Tulimwambia Haidar ameingia kwenye warsha.

"Anatengeneza nini?"

"Benchi," nikasema. "Watu wa hoteli watakuja kutazama."

"Mungu amfungulie." Akaona waya unaopita chini ya mlango wa stoo. "Na huu?"

"Wa friza, mama. Nimeiweka humo, jua lilikuwa linaipiga."

"Vizuri. Isije ikakiloanisha kitanda."

"Haitakiloanisha," nikasema.

Alikuwa aje kwenye maonyesho. Alitoa hata baibui la kutokea. Lakini asubuhi yenyewe mjukuu wa Bi Ashatu alikuja kusema bibi presha imempanda, anamtaka mama. Mama akavaa kandambili, akaniambia, "Nendeni. Mwambie mdogo wako nimemwombea," akakatiza uchochoro kwenda kwa mwenzake.

Ghala lilipendeza. Walitundika taa za vikapu, wakapanga samani uani: bembea ya Najma, rafu ya vitabu, meza ya chini ya kunywea kahawa, na katikati benchi la Haidar. Mafundi waliambiwa wazime simu. Wageni wakaja, wakapewa sambusa, na juisi yangu. Meneja wa hoteli moja ya upande wa Kerege, bwana Sadallah, alilijaribu kila benchi na kila kiti, na mwisho akakaa kwenye lile la Haidar na sahani mapajani, akaegemea, akafumba macho.

"Hili ndilo," akasema. "Fundi, haya nayataka bustani nzima. Unaweza?"

"Naweza," Haidar akasema.

"Na hili lenyewe nalichukua leo leo. Msimpe mtu mwingine."

Haidar alinitafuta kwa macho kati ya watu. Nikainua jagi la juisi juu kama mtu anayeinua bendera.

Bi Sophia wa mtaani kwetu, niliyemwalika mimi mwenyewe, alikuwa amesimama nyuma ya benchi. Aliinama akagusa tendegu. "Batuli, mwanangu, rangi hii mbona kama naijua?"

"Rangi hizi ziko nyingi, shangazi."

Aliufuta mkono wake kwenye kanga, polepole, kidole kimoja kimoja, akasogea akaenda kusimama ukutani. Alipokaribishwa kukaa alisema miguu haimsumbui.

Wakati huo ndipo Bwanausi alipoingia. Bwanausi ni mwana wa Bi Ashatu, fundi viatu wa sokoni. Alikuja na vijana wawili na mkokoteni, wakauacha langoni, yeye akapita katikati ya wageni akiwa na vumbi mpaka magotini. Alitoa salamu kwa wote kwanza. Kisha akamfuata Haidar.

"Haidar," akasema kwa sauti ya chini. "Tuna shughuli."

Haidar alikuwa bado anatabasamu kwa ajili ya Sadallah. Lile tabasamu halikujua liende wapi. "Nani?"

"Mama."

"Mama yupi?"

"Mama yangu. Imekuwa sasa hivi." Akaonyesha mkokoteni kwa kidevu. "Tumekwenda kwenu. Bi Mwanahija katufungulia stoo, tumekuta friza. Kasema utakuwa umekileta huku kukionyesha, tukwambie utuwie radhi, tunakichukua kabla hamjamaliza."

Nilikuwa karibu, nikayasikia yote. Mama alikuwa amewasimamia wanaume mlangoni mwa stoo, akaona friza yangu, na papo hapo akatutafutia njia ya heshima. Aliamini kabisa.

"Msikitini si kuna meza?" Haidar akauliza. Naapa hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayezama akashika kilicho karibu.

Bwanausi alimtazama. "Ile ni ya wanaume, Haidar. Mama yangu nimpeleke kule nani akamwoshe, imamu?"

Sijui kama naweza kueleza kilichonipata. Haidar ni mwanamume, alimwosha baba msikitini, akaona vigae, akafikiri mambo yamebadilika. Lakini mimi ni mwanamke. Nimesimama nyuma ya mashuka uani mara ngapi, nikipokea ndoo? Nilijua wanawake huoshwa nyumbani, na wanawake wenzao. Nilijua tangu nimepata akili. Ila mwaka ule mtaa wetu ulikuwa haujafiwa na mwanamke, na mimi nilikuwa nataka pa kuweka friza.

Bwanausi alikuwa anaangaza macho uani akitafuta kitanda. Yalipita kwenye bembea, yakapita kwenye meza ya kahawa. Yakafika kwenye benchi na kushuka chini, kwenye matendegu, mawili marefu na mawili mafupi. Kisha yakapanda mpaka kwenye sahani ya sambusa mapajani mwa Sadallah.

"Ndicho hicho?" akauliza.

Bi Sophia, kule ukutani, ndiye aliyejibu: "Ndicho, mwanangu."

"Kuna nini?" Sadallah akasema akitutazama mmoja mmoja. Najma, aliyekuwa ameanza kuelewa, alimwinamia akamnong'oneza. Yule bwana aliruka kama aliyekalia moto. Akachukua karatasi ya kufutia mikono, akafuta kikalio pale pilipili ilipodondokea, akaona anachokifanya, akaiacha karatasi palepale.

Nasrin alikuja mbio. Alipoambiwa alifunika mdomo. "Mwalimu, kwa nini hukutuambia? Nilikuuliza." Halafu, kwa nia njema kabisa, maana nilikuwa namtazama usoni, akasema, "Jambo zito namna hii, tungeliandika pale ukutani, kila mtu akalisoma."

Bwanausi alimtazama bila hasira. Nadhani hakumsikia vizuri. "Kitarudi kuwa kitanda?" akamuuliza Haidar.

"Kitarudi. Nipe muda kidogo."

"Mimi narudi kwa mama. Vijana hawa wanakusubiri na mkokoteni." Alipofika langoni akageuka. "Wanachimba ufuo," akasema, kisha akaenda.

Haidar alivua shati la kuazima akabaki na fulana. Alipindua benchi akaanza kufungua skrubu. Najma alivua bangili zake akazitia mfukoni, akapiga magoti upande wa pili. Mimi nilikaa chini kufumua nailoni. Haidar alikuwa ameikaza kweli kweli, na mafundo yake yalikuwa madogo, mazuri. Niling'oa kucha mbili. Muziki ulizimwa na nani sijui. Wageni waliondoka kwa miguu ya kunyata, na Sadallah alipopita alisema, "Basi yale mengine tutazungumza." Mpaka leo hajapiga simu, na sisi hatujampigia.

Miti tuliipata, ila ilikuwa imekatwa. Msumeno hula mbao, hata ukizirudisha pamoja hazikutani. Haidar alitafuta vipande vya kuungia, akavipigilia ndani kwa ndani, akapima, akapigilia tena. Matendegu mafupi akayawekea vigingi. Kitanda kikasimama kikiwa kimeinama upande mmoja kama ng'ombe aliyevunjika mguu. Hakikuwa na kamba. Nasrin alileta kamba zile zile za usumba zilizotolewa siku za kwanza. Kumbe alikuwa amezihifadhi kwenye kapu kwa kuwa alizipenda. Zilikuwa zimekatwa vipande vipande.

"Zinaungika," Haidar akasema. Akanisukumia kapu. "Dada, ziunge. Zinaungika."

Simu yangu ikalia. Alikuwa mama.

"Batuli."

"Naam, mama."

"Mwambie mdogo wako aache."

"Kinakaribia, mama. Kamba tu."

"Aache," mama akasema. Sauti yake haikuwa na ukali. Ilikuwa mbali kidogo, nikajua kuna mtu anamshikia simu sikioni. "Bwanausi katwambia alichokiona. Wameng'oa mlango wa chumba chake. Tumeshamweka." Nikasikia maji yakimiminwa. "Njooni mzike," akasema, na simu ikakatika.

Sikuhitaji kumwambia Haidar. Alikuwa ananitazama mdomo. Aliiweka nyundo chini bila kuitupa, akaipanga sambamba na msumeno.

Tulikwenda kwa Bi Ashatu kwa miguu. Njia nzima nilijiandaa kutukanwa. Nilitaka mtu aanze. Lakini tulipofika wanaume walimpokea Haidar kwa mikono miwili, "Pole, Haidar, pole sana, ni mzazi wako huyo," na wanawake wakasogeana kwenye mkeka ili nipate nafasi. Mmoja aliniletea mto wa kuegemea. Hakuna aliyeuliza kitanda. Waliuliza habari za juisi, kama biashara inakwenda. Pazia la kanga lilikuwa limetundikwa kwenye chumba cha marehemu mahali pa mlango, na kila upepo ulipovuma kanga ilipanda na wote tukaona kitanda chake cha chuma, mto wake, na kikapu chake cha kushonea. Kila ilipopanda, mwanamke mmoja alinyoosha mkono kuishusha, na hakuna aliyenitazama. Nilikuwa najua kwamba hawanitazami kwa makusudi.

Mama alitoka uani mikono ya gauni imelowa mpaka mabegani, ananukia karafuu maiti. Nikanyanyuka.

"Mama..."

"Kaa," akasema. "Kuna watu wanaingia."

Habari za kule nyuma ya mashuka hakuniambia siku ile. Aliniambia baadaye, tukikosha vyombo, bila mimi kuuliza, na hakuzirudia tena. "Mlango hauchuji maji," alisema. "Kila tukimmiminia yanamkaa mgongoni. Ikabidi tuwe tunamwinua na kumfuta, kumwinua na kumfuta. Na yeye alikuwa mtu asiyependa kusumbua." Akachukua sufuria nyingine.

Walimtoa baada ya alasiri. Haidar hakulishika jeneza. Alikwenda nyuma kabisa ya watu, na waliorudi walisema alirusha udongo wake wa mwisho akatoka makaburini wa kwanza. Niliporudisha macho uani nilimwona amesimama karibu na ule mlango. Walikuwa wameuegemeza kwenye ukuta wa choo ili ukauke. Ulikuwa mlango wa kawaida wa mbao, wa rangi ya kijani, wenye komeo la chuma, na maji yalikuwa bado yanachuruzika pembeni mwake.

Bwanausi alimfuata pale. Mimi nilikuwa kwenye jiko la uani nikipuliza moto, na mama alikuwa kando yangu anapakua kahawa.

"Fundi," Bwanausi akasema. Hakumwita Haidar. "Uupachike mlango, tafadhali. Wanawake wamekaa wazi mle ndani, na usiku watalala hapa."

"Ngoja nikaulizie skrubu dukani."

"Ninazo." Bwanausi aliingiza mkono kwenye mfuko wa kanzu akatoa zile skrubu za bawaba alizozifungua mwenyewe asubuhi. Alikuwa amekwenda nazo mpaka kaburini na kurudi nazo. Zilikuwa na udongo. Akazimwaga kiganjani mwa Haidar.

Haidar aliubeba mlango mgongoni. Niliacha moto nikaenda kumshikia upande wa chini. Mbao zilikuwa nzito kwa maji na zilinukia kafuri, na nilipouinua kuisawazisha bawaba ya chini, maji yalinimwagikia miguuni. Tuliondoa kanga. Wanawake waliokuwa ndani walijisogeza, wakatazama ukutani. Alizirudisha skrubu moja moja, bila haraka, kwa bisibisi ya kuazima. Mlango ulikuwa umevimba kidogo. Alitoa tupa mfukoni akaparaza pembe, akafunga, akafungua, akaparaza tena, mpaka ukaingia bila kusukumwa.

Bwanausi alikuja kuujaribu. Alivuta komeo, likaingia kwenye tundu lake.

"Umekaa," akasema.

Haidar alikuwa anaokota vumbi la mbao sakafuni kwa vidole. "Bwanausi," akaanza, "mimi..."

"Umekaa vizuri." Bwanausi alimshika bega, akaniangalia mimi, kisha akageuka kuelekea uani alikokuwa mama na birika la kahawa. Akasema kwa sauti ya kusikika, kama inavyompasa mfiwa kuwaambia majirani zake mbele ya watu, "Bi Mwanahija, asanteni kwa msaada wenu. Mungu awalipe nyumba nzima."

Watu wote barazani wakaitikia, "Amin."

Mama aliliweka birika chini. Alivuta mtandio wake mbele, akainamisha kichwa kama mtu aliyetukanwa hadharani, na hakuitikia.